Rasta Tumboni mwa Fahali

Mimi Adeke nina kinyaa, na sioni haya kusema. Nikikuta unywele kwenye sahani, siku hiyo sili tena. Nauza chakula Tororo mjini, na wateja wangu wanajua kwamba mtu akitema mate karibu na masufuria yangu nitamtimua, hata awe mchungaji. Sasa mtu kama mimi, Mungu akaona anipe ndugu kama Okia.

Okia ni mdogo wangu. Anakaa Busia, upande wetu wa Uganda, njia ya kwenda Masafu, yeye na mke wake Betty na watoto wao. Zamani aliendesha malori, akazoea kukaa juu na kuwatazama watu wakiwa chini. Lori liliondoka, kukaa juu kukabaki. Siku hizi ana kiti cha plastiki barazani, na kutoka pale anaendesha nyumba nzima kwa mdomo.

Kila nilipokwenda kwake nilianza kuziba pua kabla ya kushuka kwenye boda. Nyuma ya jiko lao palikuwa na rundo ambalo mimi sikulipatia jina. Pampasi za mtoto zilizovimba kwa mvua, maganda, makopo, vipande vya sabuni, vichwa vya samaki, na juu ya yote kaveera, hii mifuko ya plastiki ambayo huku kwetu ukinunua hata ndimu moja unapewa. Mvua ikinyesha, maji meusi yanatoka pale yanapita mlangoni mwa jiko, na kuku wanakunywa. Halafu Betty ananiletea chai. Wifi yangu, nampenda, lakini ile chai nilikuwa naishika tu mkononi mpaka inapoa, kisha naimwaga kwenye maua.

Hilo rundo bado lilikuwa afadhali. Kilichokuwa kinanikata maini ni jinsi Okia alivyomlisha fahali wake.

Ilikuwa hivi. Betty na watoto wakimenya matoke na viazi, maganda yanaingia kwenye kaveera. Posho, ule ugali wetu, iliyobaki inawekwa juu yake, na chochote kilichofagiliwa sakafuni kinafuata. Mfuko unafungwa fundo, unapelekwa kwa bwana mkubwa kitini. Kazi yake Okia ilikuwa moja tu: kurusha. Fahali alifungwa mwisho wa uwanja, karibu na ua. Okia anapima uzito kwa mkono, anafumba jicho moja, anarusha, mfuko unapasukia puani mwa mnyama. Wageni wakiwepo wanapiga makofi.

"Umeona, dada?" aliniambia siku moja, huku anajifuta kiganja kwenye suruali. "Watu wanatupa takataka. Mimi takataka zangu zinageuka nyama. Hakuna kitu kinapotea hapa."

"Okia, ng'ombe hana mikono. Hilo fundo atalifunguaje?"

"Atachagua mwenyewe. Huyo ana akili kushinda nyinyi wote."

Alaso, binti yake mkubwa, alikuwa amesimama pale na beseni la zamani lililopasuka ukingo. Msichana wa watu, mpole, anafundisha watoto wa chekechea. Akamwambia, "Baba, tumwage maganda tu humu. Mimi nitampelekea mwenyewe kila siku, na kaveera tutaziweka kando."

"Beseni kwa ng'ombe!" Okia alicheka mpaka kiti kikalia. "Na kijiko je? Umletee na kijiko!"

Nilitema mate chini. Mimi, ambaye sitemi mate. Fahali alikuwa ametuangalia wakati wote huo, anatafuna, na pembeni ya mdomo wake kipande cha plastiki nyeupe kinachoning'inia kinaingia taratibu mpaka kikaisha. Tumbo lake lilikuwa pipa kabisa, lakini mgongo ulikuwa mkavu na mbavu zinahesabika. Nikauliza mbona hivyo. Okia akasema ameshiba, mtu akishiba ndivyo anavyokuwa.

Sasa Alaso akapata mchumba. Otai, kijana wa Amukura, ng'ambo ya mpaka. Ni Mteso kama sisi, ila amelelewa Kenya. Walikutana Pasaka, kwenye harusi ya watu wengine, na wakapendana kweli, si mchezo. Alaso akinitajia jina la huyo kijana alikuwa anashika mdomo wake kuficha meno. Lakini kupendana ni kwao. Kwetu sisi wazee ndio wanaoanza, na bila ng'ombe kuvuka na kufungwa uwanjani kwa baba wa msichana, hakuna padri atakayewafungisha ndoa familia ikakaa kimya. Na upande wa Otai mwenye neno ni mmoja, mzee Eibu, baba yake mkubwa.

Huyo Eibu, haki ya Mungu, ni mtu wa kuogopwa. Mrefu, koti la suti hata juani, kofia mkononi. Anakwenda misa kila Jumapili na bado anasoma matumbo ya ng'ombe. Katika ukoo wao hawakubali uchumba mpaka mnyama wa wageni afunguliwe mbele yao, wazee watazame utumbo umelala vipi, ndipo waseme ndiyo au hapana. Ukimuuliza, atakwambia Mungu mwenyewe ndiye aliyeuumba utumbo.

Siku ikafika, wakaja. Mimi kama shangazi nilikuwa nimeketi na Alaso kwenye mkeka, kichwa chake kimefungwa kitambaa kipya. Betty alikuwa amefunika lile rundo kwa turubai la bluu na kuweka mawe juu. Harufu haikujua kwamba imefunikwa. Nilimwona mama mmoja wa upande wao anasogeza leso puani, nikatamani ardhi initafune.

Akaitwa jirani, Sowedi. Yeye ni Mwislamu, anabeba vitunguu kwa pikapu yake kutoka Tororo, na huku kwetu ukichinja shughuli kubwa unamwita Mwislamu ashike kisu ili majirani wote wale. Sowedi akafanya kazi yake kwa adabu, akapiga bismillahi, fahali akalala. Wakachuna. Eibu akasogea na fimbo yake kusoma.

Akatazama utumbo kidogo tu, kisha akaachana nao. Akaligonga tumbo kubwa kwa fimbo. Tumbo la ng'ombe huwa linabonyea. Hili lilikuwa gumu.

"Pasua hili," akasema.

Sowedi akapasua. Akaruka nyuma. "Astaghfirullah!"

Wewe uliyezoea, unajua tumbo la ng'ombe linanuka majani yaliyochacha, ni harufu ya kawaida. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa choo na plastiki iliyopikwa pamoja. Wanawake wakasimama kutoka kwenye mikeka. Mtoto mmoja akatapika hapo hapo kwenye viatu vya mjomba wake. Na mle ndani hakukuwa na majani hata ya kushika. Kulikuwa na kitu kimoja kimesokotana, kinene, kinateleza, kama nguo zilizokamuliwa na kusahaulika ndani ya ndoo.

Eibu akavua koti. Akampa mtu kofia. Akakunja mikono ya shati, akaanza kuvuta.

Jamani, nyumba nzima ya ndugu yangu ilitoka pale. Mfuko wa mkate ukatoka. Paketi za chumvi. Puto la Krismasi, bado lina nyota. Pampasi, Yesu wangu, pampasi, imejaa. Jalada la plastiki la daftari la shule. Wavu wa vitunguu, Sowedi akautambua akaangalia pembeni. Kaveera nyeusi, za bluu, nyeupe, nyingine bado zina fundo na ndani yake maganda ya viazi, hayajaguswa. Eibu alikuwa anaweka kimoja kimoja kwenye majani ya migomba, hasemi neno, na mwaka mzima wa wale watu ukapangwa pale mbele ya wakwe kuanzia sikukuu mpaka sikukuu.

Mwisho akavuta kitu kirefu. Kikaja, kikaja, kikanasa, akakizungusha mkononi akavuta tena. Zilikuwa nywele. Rasta za zambarau, zile za kusukia, fungu zima.

Otai alishtuka. Nilimwona. Pasaka ile walipokutana Alaso alikuwa amesuka rasta za zambarau, na huyo kijana alikuwa bado na picha yake kwenye simu. Wote waliiona hiyo picha kwao Amukura. Vichwa vyao vikageuka pamoja kuelekea mkeka wetu. Alaso akashika kitambaa chake kwa mikono miwili kama mtu anayekaribia kuvuliwa nguo.

"Nani anawalisha wanyama katika boma hili?" Eibu akauliza. Mikono yake inadondosha uchafu.

Mimi nikamtazama Okia. Nikasema moyoni, haya, bwana mkubwa, leo ndiyo leo, simama. Okia akajikuna shingo, akatazama kiatu chake.

"Hiyo ni kazi ya wanawake, mzee," akasema. "Mimi sijui wao wanafanya nini huko jikoni."

Mimi nimeshawahi kuona funza kwenye nyama. Nimeshawahi kuokota panya ndani ya pipa la maji. Lakini kinyaa kilichonipanda pale sijawahi kukiona tena. Lile furushi kwenye majani ya migomba lilikuwa safi ukilinganisha na ndugu yangu. Mtoto wake analia bila sauti mbele ya watu wanaotaka kumchukua, wanamwona mwanamke mchafu, mwuaji wa ng'ombe, na baba anazidi kumsukuma.

Shangazi hapaswi kufungua mdomo kabla hajaulizwa. Najua. Nikasimama.

"Mzee Eibu, unisamehe. Mwongo huyo! Anayelisha ni yeye. Anarusha makaveera kutoka kitini, yamefungwa fundo, ili mikono yake isinuke. Huyu msichana aliomba beseni, mimi nikiwa hapa hapa, akachekwa. Ukitaka kuchukia, mchukie yeye mwenyewe. Sowedi, wewe ni jirani, mimi nimesema uongo?"

Sowedi akafuta kisu polepole. "Mama Adeke amesema kitu iko," akajibu. "Sisi wote tulikuwa tunapiga makofi."

Okia uso ulimshuka. Betty akajifunika kanga usoni. Eibu akaomba maji, akanawa mpaka viwiko, akanawa tena, akavaa koti lake.

"Msichana hana kosa," akasema. "Lakini ng'ombe zetu haziingii hapa. Mimi sitoi ng'ombe wa ukoo waje kufa kwenye jaa. Upande wetu kaveera zilipigwa marufuku zamani, tumeshasahau mambo haya. Okia, nitakutumia dume moja. Otai atamleta. Ukimtunza mpaka mwaka ugeuke, nitarudi, tumchinje huyo huyo, nimfungue mwenyewe. Nikikuta majani, tutaleta zilizobaki. Nikikuta kaveera moja, kijana wetu atafute kwingine."

Wakaondoka bila kula. Nyama yote ikazikwa, maana nani angekula.

Alaso hakumsemesha baba yake tangu siku ile. Anampa chakula kwa mikono miwili, anapiga magoti kama desturi, lakini neno hakuna. Na mjini habari ilimtangulia Okia kila alikokwenda. Wale vijana wa boda stejini wakambatiza Baba Rasta. Akinunua sigara, "Baba Rasta, unataka kaveera?" Anatukana, wanacheka zaidi.

Dume akaletwa, wa kahawia, mdogo, macho mapole. Otai alimkabidhi kamba Alaso, wakatazamana, kila mmoja akaficha macho. Hayo yalikuwa mazungumzo yao yote, mwaka mzima ukiwa unawasubiri.

Mnadhani Okia alibadilika siku hiyo? Nyoo! Alichofanya kwanza ni kulichoma lile rundo. Nilifika nikakuta moshi mzito unapanda, unanata kooni, mtoto mdogo anakohoa, na majivu ya plastiki yanatua kwenye dagaa walioanikwa. Nikampokonya kiberiti. "Umetoka kuwalisha ng'ombe, sasa unawalisha wanao?" Akanuna akarudi kitini.

Basi wanawake ndio walioanza. Mimi nilikuwa nakuja kila nilipoweza, nimefunga kitambaa puani, natukana huku nafanya. Tulilitoa lile rundo kwa chepeo. Chini kabisa kulikuwa na funza weupe wanene, nikaenda nyuma ya choo nikatapika, nikarudi nikaendelea. Kilichooza kikaenda kwenye shimo migombani, tukafunika kwa majani na majivu. Plastiki tukaziosha, ndiyo, tukaziosha, tukazisindilia ndani ya magunia Sowedi azipeleke kwa wanaonunua. Alaso akapata beseni lake lililopasuka. Maganda yakawa yanamwagwa humo, yanachaguliwa kwa mkono kabla hayajatoka jikoni, na dume anakula kwa heshima zake.

Halafu tukagundua kwamba ukitaka takataka zisitoke, uzizuie mlangoni. Betty akatoa kikapu cha marehemu mama yetu, kilichokuwa kinatagiwa mayai na kuku, akakisugua, akaanza kwenda nacho sokoni. Sukari kwenye mkebe wake, mafuta kwenye chupa yake, nyama kwenye bakuli lenye kifuniko. Wachuuzi wakamcheka, mama Alaso anakuja na jiko lake lote. Tisheti za Okia za kampeni, zile ndefu za kila uchaguzi, tukazikata nepi za mtoto. Mtoto akapona vipele. Nilipoona sura ya mgombea mmoja iko pale ilipo, ni mara ya kwanza nilicheka katika nyumba ile.

Okia alikuwa anatazama tu. Mpaka siku moja ya kiangazi, mchana, upepo mkali umetoka barabarani.

Mimi nilikuwepo. Tulisikia dume anatoa sauti ya ajabu, anakohoa. Kaveera nyeusi ilikuwa imeruka juu ya ua kutoka kwa watu wengine huko, na yeye ameshaimeza nusu. Alaso alikuwa shuleni. Betty akapiga yowe. Nikamwona Okia anatoka kitini, kiti kikaanguka, anakimbia na tumbo lake lile. Akamkumbatia dume shingoni, akatia mkono mdomoni. Si vidole. Mkono, mpaka kiwiko. Ng'ombe anarusha kichwa, Okia anaburutwa kwenye samadi, hamwachii, analia, "Tema! Tema, mwanangu, tema!" Akaivuta. Ikatoka ndefu, na ute wa kijani ukamwagika kifuani kwake, shingoni, mpaka mdomoni.

Alikaa chini hapo hapo. Mkono wake umechubuka kwa meno, ananuka ajabu. Alikuwa ameishika ile kaveera anaitazama.

"Dada," akasema, "nilikuwa nampa hizi kila siku."

"Ulikuwa unampa."

Akatapika. Nilimshika kichwa, mimi mwenye kinyaa changu, nikamfuta na ncha ya gauni langu la gomesi.

Tangu hapo ndipo balaa likaanza, maana Okia akishika kitu hakiachii. Akaanza kutembea uwanjani asubuhi na fimbo yenye msumari, anadunga kila kilichoruka. Akazunguka kwa majirani kuwagombeza. Akachukua jerikani zilizotoboka akazikata za kunyweshea kuku na nyingine akapanda sukumawiki. Magunzi ya mahindi yakawekwa kwenye gunia la kuwashia moto. Krismasi watoto walileta maputo, akayapasua yote akaweka mfukoni mwake mwenyewe, mtoto analia, yeye anasema lieni tu. Na beseni la maganda alikuwa analibeba mwenyewe, anampelekea dume, anamsimulia habari za malori. Alaso alikuwa anamwona kutoka dirishani. Siku ya Pasaka akamwambia, "Baba, chai iko tayari." Okia akaniita simuni Tororo kuniambia hilo tu.

Wakarudi wakwe. Uwanja umefagiliwa, hakuna turubai kwa sababu hakuna cha kufunika. Nilivuta pumzi bila leso. Alaso kwenye mkeka pembeni yangu, mkono wake ndani ya mkono wangu, una baridi. "Shangazi, kama upepo ulileta nyingine na hatukuona?"

Basi wageni wakaketi, na mzee Eibu akatoa zawadi yake kama mtu mzima anavyotoa, sukari ya mama wa msichana. Akaiweka juu ya mkeka katikati.

Ilikuwa ndani ya kaveera. Nyeusi. Imefungwa fundo. Alivuka mpaka, akanunua kwenye vibanda vya upande wetu, akapewa, akapokea, akaja nayo. Baada ya maneno yote yale! Nilihisi mate machungu yamenijaa mdomoni. Nikafungua mdomo, Alaso akanibana vidole mpaka vikauma. Nikamtazama Okia. Alikuwa ameiona. Anaitazama kama mtu anavyomtazama nyoka sebuleni.

Wakati wa kumleta dume, Okia mwenyewe alimleta. Alimshika masikio, akamwambia kitu, kisha akampa Sowedi kamba na kugeuza mgongo. Sowedi akapiga bismillahi.

Eibu akavua koti. Tumbo likapasuliwa. Sikuweza kutazama, nilitazama uso wa Otai, naye alikuwa amefumba macho.

Harufu ikatufikia kwanza. Majani. Majani yaliyochacha na maganda ya matoke, harufu ya ng'ombe tu. Eibu akaingiza mikono, akachambua, akageuza kila kona, akakamua. Kijani, kijani, kijani. Hata uzi hakuna. Mimi niliyetapika kwa ajili ya funza, nilisogea pale nikavuta ile harufu kwa pua zote mbili, na ningeweza kuivuta mpaka jioni.

"Majani," akasema Eibu. "Ng'ombe watavuka. Hili sasa ni boma."

Vigelegele vikapasuka. Betty akaanguka shingoni mwangu. Otai alikuwa ameshafika kwenye mkeka wetu bila kujali desturi ya mtu.

Katikati ya kelele hizo Okia akaingia ndani, akatoka na mkebe wa sukari wa Betty. Akapiga goti moja mbele ya zawadi. Akafungua fundo kwa meno, taratibu, asipasue. Akamimina sukari yote, akaikung'uta kaveera mpaka chembe ya mwisho, akaikunja, akaikunja tena ikawa ndogo kama stempu. Vigelegele vikaanza kufa kimoja kimoja.

Akaenda kwa Eibu, ambaye alikuwa ananawa, koti lake limeshikwa na kijana. Akaitia ile kaveera mfuko wa ndani wa koti, akaupigapiga kidogo.

"Ahsante kwa sukari, mkwe," akasema. "Hii utarudi nayo."

Nikasema basi, tumekwisha. Mzee Eibu akatazama koti lake, akatazama mikono yake mwenyewe, ambayo bado ilikuwa ya kijani.

"Mpakani wakinipekua upande wetu," akasema polepole, "watanishika nayo."

"Basi utawaeleza," akajibu Okia. "Mimi yangu yalishaelezwa mbele ya watu wengi zaidi."

Mzee akamalizia kunawa. Kisha akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akaomba chai. Betty akaileta, ya ile sukari. Mimi pia nikapewa kikombe, na nikakinywa chote.